Kipochi cha Jezi na Mwavuli: Siku Sita Mombasa

Jumanne: Nairobi hadi Miritini

Jana usiku nilipima kila kitu kwenye mizani ninayopimia unga. Shanta tupu, gramu 700. Nguo za siku sita, kilo mbili kasorobo. Kipochi cha vifaa vya kuogea, kilo moja na gramu 400. Nikadhani mizani imeharibika, nikakipima tena. Mwishowe nikavimwaga vitu vyote kitandani, nikakiweka kipochi peke yake: gramu 310, na hapo hakina hata mswaki.

Chenyewe sikukinunua. Nilizawadiwa kazini miaka kadhaa iliyopita, cha ngozi bandia nyeusi, zipu ya shaba, umbo la mkate wa boflo. Kimenifuata Kisumu, Arusha na Kampala, na kila safari nakilaani kwa sababu ileile: ukikitia ndani ya shanta hakilali. Kinakaa katikati kama mgeni aliyenyimwa kiti, nguo zikikizunguka zisijue pa kwenda. Kwa hiyo nimejiwekea sharti. Nakwenda kwa shangazi Mombasa siku sita, na nisirudi na hiki.

Treni ya asubuhi. Mizigo ikapitishwa kwenye mashine, mbwa wakanusa, tukapanda. Shanta yangu ni ya lita 20, inaingia miguuni bila kumsumbua aliyeketi mbele, na huo ndio ukubwa ambao sitaki kuuvuka tena. Mtito Andei nililala, Voi niliamka, Mariakani hewa ilibadilika. Kila mlango ulipofunguliwa iliingia ile hewa ya Pwani yenye uzito wake. Miritini nikashuka, nikachukua matatu hadi mjini, kisha tuktuk hadi kwenye kichochoro ambacho tuktuk haipiti, nikamalizia kwa miguu.

Kilichonipokea kabla ya shangazi ni harufu, nayo ilitoka mgongoni mwangu.

Mafuta ya nazi huganda joto likiwa chini ya nyuzi 24 hivi. Kwangu Nairobi, Julai hii, ni meupe kama samli, nayachota kwa kidole. Niliyatia kwenye kikopo cha bati chenye kifuniko cha kubonyeza, nikaridhika kwamba hayamwagiki. Kumbe hayakumwagika kwa kuwa yalikuwa jiwe. Joto la Mombasa la Julai ni la adabu, lakini latosha kuyeyusha jiwe la aina hiyo. Mafuta yameingia kwenye dodoki, kwenye pamba, yakapenya mshono wa kipochi na kuifikia blauzi yangu ya pekee nzuri. Chupa ya shampuu nayo ilikuwa imebonyea ubavuni kama iliyokaliwa. Hiyo haikukaliwa na mtu. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari na hewa yake ni nyepesi kwa takriban moja ya tano kuliko ya huku; chupa niliyoifunga kule ikiwa nusu, ikiteremka Pwani hewa ya nje huibana.

"Mwanangu," akasema shangazi, mikono kiunoni, "watoka Nairobi na mafuta ya nazi, wayaleta Mombasa?"

Alicheka hadi jirani akachungulia dirishani kuuliza kuna nini. Akaelezwa. Naye akacheka.

Nilipokwenda kuoga nikakumbuka nyumba ya shangazi ilivyo. Bafu lina ndoo, kata, na msumari mmoja nyuma ya mlango. Rafu hakuna. Sabuni yake inakaa ndani ya kifuu cha nazi kilichotobolewa matundu matatu chini, na kifuu kimekaa juu ya jiwe. Sabuni ni kavu, ngumu, utadhani imetoka dukani leo. Yangu niliiweka sakafuni kando ya kipochi, na nilipomaliza kuoga ilikuwa imejibandika.

Jumatano: Kongowea

Matatu ya kuvuka Daraja la Nyali, asubuhi na mapema, kabla jua halijawa kali na kabla akina mama wa vitunguu hawajaziba njia. Upande wa mitumba wa Kongowea unataka subira na macho. Nilikuwa nimejiuliza jana usiku: ni vitu gani hasa vinaingia ndani? Mswaki, dawa ya meno, sabuni, mafuta, shampuu kidogo, dodoki, chanuo, wembe, pedi mbili tatu za dharura, dawa za maumivu ya kichwa. Basi. Vitu kumi, na saba kati yake havizidi kiganja. Ile kilo moja ilitoka wapi? Ilitoka kwenye kipochi kuwa kikubwa. Mfuko ukiwa na nafasi utaujaza tu. Mimi nilikuwa natembea na losheni tatu, manukato mawili, na sega la pili ambalo sikumbuki lilivyoingia.

Nikaviona vya kila namna. Vipo vile vipochi vidogo wanavyopewa abiria kwenye ndege, vimetumika mara moja au hata kabisa havijatumika, vyembamba, vizuri, ila zipu zake ni za ubahili. Vipo vya plastiki ya kuonyesha ndani, vimekuwa vya manjano. Vipo vikubwa vyenye ndoano, ukivikunjua vina mifuko minane, na nilipovikunja tena vilikuwa na unene wa msahafu. Hivyo ndivyo vinavyosifiwa sana, nami navikataa: ndoano ni nzuri, ila mifuko minane ni minane ya kusahau kitu ndani yake.

Jambo moja nililojifunza kwa mkono: bonyeza kitambaa cha ndani kwa kidole kisha uachie. Ule utando unaopakwa nyuma ya kitambaa ili kisipitishe maji huoza polepole kwa joto na unyevu. Kwanza hunata, halafu hubanduka vipande vipande kama ngozi ya aliyeungua jua. Kongowea nilivishika vipochi vitatu vya namna hiyo, kwa nje vinang'aa kama vipya. Muuzaji aliniona nikikunja uso, akasema, "Dada, hicho futa na kitambaa tu." Nikamshukuru nikakirudisha.

Mwishowe nilinunua kimoja cha mpira mpira, kisichopitisha maji kabisa, cha kukunja mdomo mara tatu na kubana kifungo. Shilingi 200 baada ya mvutano. Gramu sikuzijua ila kilikuwa chepesi mkononi. Nikarudi nyumbani nimefurahi, nikamwonyesha shangazi kwa kukijaza maji na kukigeuza juu chini. Hata tone.

Shangazi akakitazama. "Na yaliyo ndani yatoka wapi?"

Sikuelewa. Nilidhani hajaelewa yeye.

Alhamisi: Likoni, Tiwi

Binamu yangu alitaka twende tukaogelee Tiwi. Kivuko cha Likoni hakimtozi anayekwenda kwa miguu, na kwa hivyo hakimbembelezi pia: unaingia na watu, unatoka na watu, shanta unaivaa kifuani. Ng'ambo tukapanda matatu ya kuelekea Ukunda, tukashuka njiapanda ya Tiwi, bodaboda hadi baharini.

Ya bahari nitayaacha. Ilikuwa nzuri.

Tulioga kwa maji ya bomba tuliyoombewa na mlinzi mmoja mwenye huruma. Nikavirudisha vitu ndani ya kipochi cha mpira vikiwa vimelowa, kwa kuwa hapakuwa na pa kuvianika, nikakunja mdomo mara tatu, nikabana. Tukala mihogo ya kukaanga, tukapiga soga, tukangoja matatu, tukangoja kivuko. Saa nne zikapita, tano. Nilipokifungua nyumbani usiku, ndani mlikuwa na uji. Sabuni imekuwa uji, dodoki limeunywa ule uji, mswaki umelala humo, na harufu yake ni ya kisima kilichofungwa. Kipochi hakikupitisha tone hata moja, ni kweli. Wala hakikutoa.

Hapo ndipo swali la shangazi lilipofika kichwani, kama barua iliyopotea njiani.

Ami anakaa ghorofa ya juu. Alikuwa baharia miaka ishirini na kitu, meli za mizigo, sasa kazi yake ni baraza na kahawa. Alisikia nikilalamika akaniita.

"Shikamoo ami."

"Marahaba mwanangu. Niletee hicho kipira nikione."

Akakigeuzageuza. Akasema meli haizamishwi na maji ya nje, huzamishwa na yaliyoingia ndani yakakosa pa kutokea. Kisha akainuka, akaenda chumbani, akarudi na mfuko wa turubai umefifia, mdomo wa kamba ya kuvuta, vijitundu vya shaba vimeota kijani. Alitembea nao bandari kwa bandari. Bafu la meli, akaniambia, ni la watu wengi, kila kitu chini kinateleza, na mwenyewe unayumba, usichokitundika utakiokota. Ndani aliweka sabuni, mswaki, wembe na mawe ya shabu ya kupaka akijikata. Vinne. Nikamuuliza manukato je? "Manukato ni ya kurudi nyumbani," akasema.

Nikauomba mfuko ule nioge nao usiku ule. Ukaning'inia vizuri msumarini. Ila asubuhi yake ulikuwa bado umelowa, mzito kama paka aliyenyeshewa. Turubai la pamba hukauka kwa upepo wa sitaha. Vichochoro vya Mji wa Kale havina upepo wa kumgawia mtu.

Ijumaa: Biashara Street na fundi

Asubuhi nilikwenda Biashara Street kununua leso, kwa sababu ya taulo. Taulo langu dogo, eti la safari, halijakauka tangu Jumanne. Leso hukauka saa moja dirishani, ikiwa haitumiki kwa taulo ni shuka, ikiwa si shuka ni mtandio, na nikipenda natembea nayo kama leso. Inauzwa doti, vipande viwili. Kimoja nimemwachia shangazi. Nikitafakari, kitu hiki hakihitaji kipochi chochote, na kimeondoa kitu kikubwa kuliko vyote ndani ya shanta.

Saa sita hivi maduka mengi yalianza kufungwa kwa sala. Nikarudi kupitia msikitini, na nje alikuwapo mzee wa miswaki ya mti, imefungwa mafungu kwa uzi. Nikanunua mmoja. Ukiutafuna ncha unakuwa brashi, ukichakaa unaikata ncha unatafuna mpya. Hautaki dawa ya meno, hautaki maji. Lugha yetu haijawahi hata kuutofautisha na ule wa plastiki, yote ni miswaki. Kwa msafiri asiyetaka mzigo ungekuwa ndio jibu lote, na ami anautumia hadi leo. Mimi ufizi wangu ulilalamika. Nimeuweka wa akiba.

Alasiri nilikwenda kwa fundi anayeshona mikoba na kutengeneza miavuli, kwenye kibaraza chembamba hata cherehani inakaa ubavu. Nilikuwa na mwavuli mbovu wa shangazi, mbavu zimevunjika kitambaa kizima, na jezi ya kandanda niliyoiokota Kongowea kwa shilingi 50 bila kujua ya nini. Wazo lilikuwa la kifuu. Maji lazima yapate tundu. Lakini mafuta yasipate. Vitu vya kuogea ni watu wa makabila mawili na kosa la vipochi vyote nilivyowahi kuwa navyo ni kuviweka chumba kimoja: sabuni, mswaki na dodoki vinataka upepo, mafuta, shampuu na vidonge vinataka mlango uliofungwa.

Nikamweleza fundi: upande mmoja kitambaa cha mwavuli, chepesi, maji hayashiki na mafuta hayapenyi haraka. Upande wa pili jezi, maana ile ya matundu madogo imetengenezwa kwa ajili ya jasho. Katikati ukuta wa mwavuli. Kitanzi juu.

"Wavu si ungetumia chandarua?" akauliza kijana aliyekuwa akingoja viatu vyake.

"Chandarua kina dawa," fundi akamjibu bila kuinua macho. "Atie mswaki humo?"

Zipu ndiyo iliyochukua muda. Mimi nilileta ile ya shaba, niliyoifumua kutoka kwenye kipochi cha zamani, nikijiona mwerevu wa kutotupa kitu. Akaikataa. "Dada, chuma hapa Pwani? Chumvi itaila, siku moja utataka mswaki ukose." Akanionyesha mkoba ulioletwa kutengenezwa, kichwa cha zipu kimeganda mahali kilipo. Akatoa ya nailoni, ile ambayo meno yake ni uzi uliosokotwa kama chemchemi. Ikipinda hurudi, ikiingia mchanga unaisuuza. Kichwa chake bado ni cha chuma, hilo halikwepeki, ila akasema nikipake nta ya mshumaa mara mojamoja.

Vipimo: sentimita 18 kwa 12, unene 5 kikijaa. Ni kama lita moja, wala sikutaka zaidi.

Jumamosi: Marikiti

Fundi alisema saa nne, nikafika saa nne, akaanza kukishona saa nne. Nikakaa.

Cha kwanza kilikuwa na kasoro. Zipu iliishia vidole viwili kabla ya kona, kwa hiyo chanuo likiingia halitoki bila kupigana. Nikasema. Akakitazama, akakubali, akakifumua. Safari ya pili zipu imezunguka kona na mdomo unafunguka wote. Chanuo lenyewe bado lilikuwa refu. Hapo aliyeshindwa ni chanuo. Nimenunua kitana cha shilingi 30.

Jezi ilikuwa na namba 8 mgongoni na mkasi umepita katikati yake, kwa hiyo kipochi changu kina namba 3. Nimekipenda kwa hilo tu.

Nilitaka uzito wake, na mizani ya kuaminika niliyoijua iko Marikiti. Muuzaji wa bizari alikuwa akipima iliki. Nikamwomba. Akanitazama, akatazama kipochi, akaweka juu ya sahani. Gramu 41. "Wauza kwa gramu?" akaniuliza. Ilibidi ninunue mdalasini kwa aibu.

Nyumbani nikakipakia. Sabuni nimeikata nusu kwa kisu, nikaianika kwanza dirishani, maana sabuni mbichi huisha haraka. Shampuu imeingia kwenye chupa ya mililita 60 ya dawa ya kikohozi ya watoto, imesuuzwa mara tano. Dodoki nimelikata kipande cha mraba, lile zima halikauki. Pedi na vidonge upande wa mwavuli.

Jirani ya shangazi, anayekwenda Umra mwezi ujao, alikishika akasema anataka kama hicho. Nilimwambia kwa upande wa sabuni kitamfaa sana, hasa kwa kuwa atahitaji ile isiyo na manukato kwa ajili ya ihramu, na sabuni ya kipande haihesabiwi kuwa maji kwenye ndege. Lakini vimiminika vyake avitenge. Tangu mwaka 2006 viwanja vingi vya ndege vya kimataifa vinataka kila chupa ya mzigo wa mkononi isizidi mililita 100, zote ndani ya mfuko wa lita moja unaoonyesha ndani, na wanaangalia kilichoandikwa kwenye chupa, si kilichobaki ndani yake. Robo ya mafuta kwenye chupa ya mililita 200 inachukuliwa. Yeye akashauri ukuta wa nje uwe wa plastiki ngumu ya kuonyesha, kile kitambaa cha meza. Sina hakika kama fundi ana kipande. Nimemwelekeza kibarazani akajadiliane naye.

Jumapili: kurudi

Shangazi alinijazia mafuta mapya, aliyoyatengeneza mwenyewe kwa nazi, kwenye kikopo cha plastiki chenye kifuniko cha kuzungusha. Sikumwona alivyokijaza, nilikuwa juu nikimuaga ami, ambaye aliukagua mshono wa kitanzi kwa kuuvuta kwa nguvu zote mbele ya macho yangu. Haukukatika. Akaguna.

Kipochi cha zamani amekichukua shangazi. Anaweka humo nyuzi na vifungo, nacho kimekaa juu ya kabati wima, kama kilivyopenda siku zote.

Kabla ya kutoka nikaibana chupa ya shampuu ubavuni ndipo nikaifunga. Hewa ya Mombasa ikipanda Nairobi hutanuka, na chupa iliyofungwa huku ikiwa na hewa ndani, ukiifungua kule hukutemea. Kipochi nimekilaza mgongoni mwa shanta, upande wa jezi ukitazama nje, na shanta imefunga bila goti.

Kwenye treni nilihesabu mara mbili kwa mazoea kama nimesahau kitu. Hakuna. Mama aliyekaa karibu yangu alikuwa na masanduku mawili na ndoo ya maembe, akaniuliza kama nashuka Voi.

Nairobi ilikuwa usiku na baridi. Nilikitundika kwenye ndoano ya bafuni. Sabuni ilikuwa kavu, mswaki ulikuwa mkavu, na chupa ya shampuu imejaa umbo lake haijatema. Nikafungua kikopo cha mafuta. Yameganda tena, meupe pe, na ndani yake, katikati, shangazi alikuwa ametia kikonyo cha asumini.

Sikuyachota usiku ule.